Maswali ya Wasomaji: Kurekodi Fidla na Banjo Milimani Appalachia

Swali: Nitarekodi wazee wawili mashariki mwa Kentucky, Marekani, mmoja fidla, mwingine banjo, kwenye kibaraza cha nyumba ya mbao. Nilipojaribu mara ya kwanza banjo iliimeza fidla, na chini yake kulikuwa na kishindo kisichoisha. Nirekebishe nini?

Jibu: Kishindo hicho ni mguu wa mpiga fidla. Usimwombe aache. Mguu ndio unaobeba mapigo, na ukiuzuia upinde nao hulegea. Kasoro iko kwenye mbao za sakafu, ambazo hupeleka mtikisiko moja kwa moja hadi kwenye stendi ya maikrofoni. Isimamishe stendi ardhini, nje ya ukingo wa kibaraza, au uiweke juu ya zulia nene lililokunjwa mara kadhaa. Mguu utaendelea kusikika, ila kwa njia ya hewa, kama anavyousikia msikilizaji aliyekaa pale.

Kuhusu banjo, hamisha viti kabla ya kugusa kitufe chochote. Tumia maikrofoni mbili za stereo kwenye stendi moja. Fidla ikae mita 1 hivi kutoka hapo, banjo mita 1.5 hadi 2, na mwenye banjo ageuke kidogo ili ngozi ya banjo isiikabili maikrofoni. Lakini wasitenganishwe mpaka kila mmoja ashindwe kuona mikono ya mwenzake, maana hapo muziki wenyewe ndio utakaovunjika.

Unapopima kiwango cha sauti, waombe wapige wimbo wao wa kasi kuliko yote. Maneno ya mazungumzo hayatoshi. Vilele vya sauti vifike desibeli 12 chini ya kikomo cha kifaa, kisha usiguse tena. Zima kabisa urekebishaji wa kiotomatiki wa kiwango cha sauti: mwimbaji anaponyamaza kati ya beti, kifaa hupandisha sauti ya nyenje na saa ya ukutani, na akianza tena hushusha ghafla. Rekodi kwa WAV (faili la sauti isiyobanwa), biti 24, kilohezi 48. Saa moja ya stereo hula zaidi kidogo ya gigabaiti 1, basi kadi ya gigabaiti 32 inakutosha kwa siku nzima. Friji ikivuma ndani, omba izimwe, na uweke funguo za gari lako humo humo, ili usiondoke kabla ya kuiwasha.

Swali: Nasikiliza rekodi za diski za miaka ya 1930 kutoka milima hiyo hiyo, nikijaribu kujifunza kwa fidla. Noti zinaangukia kati ya A na ile inayoifuata, na wimbo unapanda polepole kadiri unavyoendelea. Je, wapigaji walikosea?

Jibu: Mara nyingi kosa ni la mashine. Alan Lomax, mkusanyaji wa nyimbo za kiasili, alipokuwa akirekodi mashariki mwa Kentucky mwaka 1937 kwa ajili ya Maktaba ya Bunge la Marekani, sauti ilichongwa papo hapo kwenye diski. Mota ikichoka, diski huzunguka taratibu. Ukiicheza baadaye kwa kasi isiyobadilika, sauti hupanda. Tofauti ya asilimia 6 ni nusu toni nzima: diski iliyochongwa kwa mizunguko 74 kwa dakika ikichezwa kwa 78 inakaribia kufika hapo.

Kwenye programu ya kuhariri, badilisha kasi yote, kwa sababu mwendo nao umeongezeka pamoja na noti. Kisha tafuta ushahidi. Kama mashine ilitumia umeme wa gridi, mvumo wake Marekani ni hezi 60. Uupime, na ukisoma 63 umeshapata kipimo cha kosa. Usitegemee A peke yake. Wapigaji wengi walityuni fidla kwa sikio, chini ya kipimo cha leo, na kwa mitindo tofauti, inayotajwa kwa noti za nyuzi nne kuanzia nene hadi nyembamba: GDAE ya kawaida, AEAE, au ADAE. Sikiliza nyuzi zilizoachwa wazi zikilia chini ya wimbo. Kwenye AEAE, nyuzi mbili za chini huitikia mlio wa zile mbili za juu, na hilo halifichiki hata kasi ikiwa imepotoka.

Ndiyo maana, ukirudi kwa wale wazee, kabla ya kila wimbo rekodi nyuzi zote moja moja, zikiwa wazi, kuanzia nene hadi nyembamba, za fidla na za banjo. Ni sekunde 15 tu. Banjo ina mtego wake: uzi mfupi wa tano mara nyingi hutyuniwa upya pamoja na nyingine, na asiyeusikia peke yake hukisia vibaya.

Swali: Niandike nini pamoja na rekodi?

Jibu: Sema mwenyewe kwenye maikrofoni, mwanzoni: tarehe, mahali, jina la mpigaji, ala na jinsi ilivyotyuniwa. Muulize alijifunza wimbo kwa nani, na anauitaje yeye, hata kama wewe unaujua kwa jina jingine. Ruhusa nayo irekodiwe kwa sauti yake, ikitaja waziwazi kama ni ya kuhifadhi tu, ya kufundishia, au hata ya kuuza. Usiku huo huo nakili mafaili kwenye diski mbili tofauti kabla ya kufuta kadi, na uache nakala moja kwa familia.