Zabibu Nyeusi, Waini Nyeupe: Imekuwaje?

SWALI: Kaka habari za kazi. Majuzi nilionjeshwa waini ya mapovu, kwenye lebo imeandikwa blanc de noirs, nikaambiwa ni zabibu nyeusi tupu. Sasa mbona nyeupe, wanaitoa rangi na dawa? Halafu sikuona tofauti yoyote na zingine, au ulimi wangu ndo mbovu?

JIBU: Nzuri dada. Ulimi wako hauna shida kabisa, na siri wala si dawa. Chukua punje ya zabibu nyeusi, imenye, iminye: juisi yake haina wekundu wowote, iko kama ya zabibu ya kijani tu. Rangi imekaa kwenye ganda. Waini nyekundu inakuwa nyekundu kwa sababu juisi inalala na maganda siku kadhaa, hii yako haikulala nayo. (Zipo zabibu chache ambazo hata nyama yake nyekundu, ila hizo si za kazi hii.)

Ndo maana kule Champagne, Ufaransa, sheria inataka zabibu zichumwe kwa mkono na zifike kwenye mashine vishada vizima, maana punje ikipasuka njiani rangi inaanza kuvuja. Wanakamua taratibu, kilo 4,000 zinatoa lita 2,050 za kwanza zile safi zaidi, kisha 500 za pili, basi, kinachobaki hakiruhusiwi kuwa shampeni. Zabibu zenyewe huwa Pinot Noir au Meunier, aina mbili za zabibu nyeusi, au zote mbili. Mapovu yanakuja baadaye, waini inatiwa kwenye chupa na sukari kidogo na hamira, inachachuka tena humohumo na gesi inakosa pa kutokea.

Sasa kuonja, na hapa naomba unisikilize sana: nahisi uliinywa ikiwa baridi kama barafu. Ubaridi ule unafunga harufu, unabaki na gesi na uchachu tu, na hivyo viwili viko karibu kila chupa ya mapovu, utaonaje tofauti? Digrii 8 hadi 10 zinatosha. Glasi isiwe ile nyembamba kama mrija, tafuta yenye tumbo kidogo. Inamishe juu ya karatasi nyeupe, utaona dhahabu, na mara nyingine kwa mbali kawekundu kama shaba, hapo ganda limeacha salamu. Nusa, subiri dakika tano, nusa tena. Kama unaweza weka pembeni glasi ya blanc de blancs, ile ya zabibu nyeupe tupu, uonje kwa zamu: ile itakupa limau na tufaha la kijani na itapita mdomoni kama uzi, hii itakuja na stroberi, cheri, pengine peasi, na itajaa mdomo mzima. Mimi hiyo ya kujaa mdomo ndo naitegemea kuliko harufu zote, hata nikifumba macho.

SWALI: Kwa hiyo ikiwa na wekundu kidogo si ndo rozé, ile waini ya pinki?

JIBU: Hapana ndugu yangu. Rozé wanaikusudia: maganda yanaachwa na juisi kwa saa kadhaa, au, kama Champagne wanavyoruhusiwa, waini nyekundu kidogo inachanganywa na nyeupe. Kwenye blanc de noirs mtengenezaji alikuwa anaikwepa rangi, na hicho unachokiona ni kile kilichomponyoka.