Wifi, hizo saa za bure si zetu

Wifi, klipu uliyonitumia nimeitazama mara mbili. Yule dada anasema Uingereza watoto wanalelewa nasari bure kuanzia miezi tisa, saa 30 kwa wiki, na wewe ukamalizia: "Kumbe huko hata dada wa kazi hahitajiki. Basi nikija kazini nije na watoto wote wawili?" Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku. Nikaandika jibu la hasira, nikalifuta. Sasa nakujibu kwa utulivu, na wengine mnaoniuliza hilohilo someni hapahapa.

Hakudanganya. Saa hizo zipo England, sehemu ya Uingereza niliyopo mimi, tangu Septemba 2025, kwa wazazi walio kazini. Alichoruka ni karatasi. Ili mpate, angalau mmoja wenu awe raia, au awe na ukaazi wa kudumu, au viza yake imruhusu kupokea fedha za umma, yaani misaada ya serikali. Kadi yangu ya ukaazi ya mwaka 2022 ilikuwa na maneno nyuma, madogo kama ya kwenye kibandiko cha dawa, kwamba fedha za umma siruhusiwi. Niliyasoma kwa makini Leicester, nimesimama jikoni kwenye nyumba ya kupanga, mtoto wa mwaka mmoja na miezi mitano yuko mgongoni. Viza yako ya uuguzi itakuja na sharti hilohilo. Wauguzi bado mnaruhusiwa kuja na familia, wakati waliokuwa wanaomba viza ya kuhudumia wazee walizuiwa kuleta familia tangu Machi 2024. Lakini kuruhusiwa kumleta mtoto ni jambo moja, na nani atakaa naye ukiwa wodini ni jambo lingine kabisa.

Huyo mkubwa wako usimhofie. Watoto hapa wanaanza shule Septemba baada ya kutimiza miaka minne, darasa linaitwa Reception, siku nzima, shule ya serikali bila ada. Chakula cha mchana ni bure kwa wote, toka Reception, kisha mwaka wa kwanza, mpaka mwaka wa pili. Mkifika Septemba ijayo ataingizwa mwaka wa kwanza moja kwa moja kwa sababu wanapanga kwa umri, hata kama Kiingereza chake ni "good morning teacher" tu. Anaweza kukaa kimya darasani miezi miwili, mitatu. Wa kwangu alikaa. Usiogope, na usimkatie Kiswahili nyumbani ili aharakishe, kosa hilo nililifanya na bado tunalilipia kila Jumapili bibi yake akipiga simu.

Shida ni huyu mdogo.

Sheria ya England inataka mlezi mmoja kwa kila watoto watatu walio chini ya miaka miwili, na mmoja kwa watano wakifikisha miwili. Kwa hiyo mshahara wa mlezi mzima mnaugawana wazazi watatu. Nasari niliyoulizia wakati ule walinitajia paundi 62 kwa siku. Wiki nzima, mwezi mzima, inakaribia paundi 1,340. Mimi baada ya makato nilikuwa napokea 1,800 na ushee, na pango lilikuwa 825. Hapo hujanunua unga wala nauli, na hujatuma nyumbani. Tena hata ungekuwa na pesa: nasari ile ilifunguliwa saa moja na nusu asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Zamu ya wodini inaanza saa moja na nusu hiyohiyo, inaisha saa mbili usiku. Nani atampeleka? Nani atamchukua?

Utaniambia utafute mama wa kwetu akae naye kwake umpe paundi ishirini. Nilifikiri hivyo pia. Anayelea kwake kwa malipo mtoto aliye chini ya miaka minane, zaidi ya saa mbili kwa siku, lazima awe amesajiliwa. Walezi wa nyumbani waliosajiliwa wapo, wengine wazuri sana na wanakubali saa za ajabu kuliko nasari, anza kuwatafuta kabla hujakata tiketi. Lakini usimpe mwanao mtu wa kujificha. Na usithubutu kumwachia mkubwa amwangalie mdogo hata dakika kumi, hapa wanaweza kuja watu wa ustawi wa jamii mlangoni.

Shemeji yako, mume wangu, alipata kazi ghalani, usiku. Tulikuwa tunakabidhiana mtoto kwenye maegesho ya hospitali alfajiri, Novemba, pumzi inatoka kama moshi. Yeye ametoka kubeba maboksi, macho mekundu, anampokea akiwa kwenye blanketi, mimi nakimbilia ndani. Kisha yeye anatakiwa akeshe tena mchana na mtoto anayepanda kila kitu. Siku moja usingizi ulimzidi. Alipoamka alimkuta binti yetu amekaa chini kabisa ya ngazi, karibu na mlango wa nje, amevaa kiatu kimoja cha baba yake. Hakuumia. Usiku huo hatukulaumiana, tulikaa tu kitandani, na mmoja wetu akasema: "Apelekwe kwa bibi." Sikumbuki ni nani.

Januari 2023 akapelekwa Tanga. Nilijiambia miezi sita. Wifi, nisikilize hapa. Saa 15 za bure kwa wiki, watoto wa miaka mitatu na minne wanapewa wote, hata wa sisi wa viza, wiki 38 kwa mwaka. Ila hazianzi siku ya kuzaliwa. Zinaanza muhula unaofuata: Januari, Aprili au Septemba. Binti yangu alizaliwa tarehe 9 Aprili. Angezaliwa siku kumi kabla, angepata Aprili. Kwa siku hizo kumi alisubiri mpaka Septemba 2024, na ile miezi sita ikawa miezi kumi na tisa. Nilituma paundi 150 kila mwezi, na bado kwenye kundi la familia mtu akaandika kwamba nimemtwisha mama mzigo. Sikumjibu. Nilikuwa naogopa ana haki.

Baba yake alimfuata. Nikawapokea Heathrow. Nilikuwa nimevaa gauni alilozoea kuliona kwenye simu, ili anitambue. Akatoka ameshika kanga ya bibi yake, akanitazama, akakumbuka adabu aliyofundishwa kwa wageni, akasema: "Shikamoo, shangazi."

Marahaba, nikamwambia. Nilishindwa kusema kingine.

Kwa hiyo ushauri wangu: usimwache mdogo. Hata mseme nini, usimwache. Halafu nikifikiria yale maegesho na kile kiatu, nakwambia pia usimlete mpaka kaka yangu akubali kwa kinywa chake kwamba mwaka wa kwanza, pengine na wa pili, yeye ndiye atakayebaki nyumbani na nepi na uji, na mtaishi kwa mshahara mmoja. Kaka yangu namjua, atasema ndiyo haraka. Mwulize mara tatu.

Kama waajiri ni zaidi ya mmoja, mwangalie wa Scotland kwanza. Huko watoto wote wa miaka mitatu na minne wanapewa saa 1,140 kwa mwaka, hawaangalii viza, mara mbili ya huku kwetu. Baridi ni kali zaidi, vumilia. Na usikatae kazi kwa sababu yangu. Nafasi kama hiyo haitakungoja mpaka mtoto akue, na mshahara huo ndio umemjengea mama choo cha ndani.

Wa kwako alizaliwa Novemba 2024, atatimiza mitatu Novemba 2027, saa zake zitaanza Januari 2028. Kaeni chini, hesabuni miezi tangu mtakapofika mpaka hapo, mwandike kila mwezi nani yuko na mtoto. Jumapili sina zamu. Nipigieni saa mbili usiku ya huko, kaka awepo, na hiyo karatasi muwe nayo mkononi.