Maswali na majibu: LED au halojeni, taa ipi ya kung'arishia gari?

Safari hii karibu maswali yote yaliyonifikia ni ya taa za kumulikia gari tunapolipiga polishi na kulikagua. Nimechagua yanayosumbua wengi, na marefu nimeyafupisha bila kubadili maana.

Swali: Fundi, nina taa ya halojeni ya wati 500, ile ya kusimamishwa kwenye stendi. Haina tatizo lolote. Kila mtu ananiambia niitupe ninunue LED. Nifanyeje?

Usiitupe. Mwanga wa halojeni ni mzuri kuliko unavyosimuliwa siku hizi: unaonyesha rangi kama zilivyo. Tatizo lake ni ulaji wa umeme na joto. Balbu ya wati 500 hutoa lumeni 9,000 hivi (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga), na LED ya maana hutoa kiasi hicho kwa wati 90 au 100. Tofauti yote hiyo unaihisi mgongoni ukiwa umeinamia mlango wa gari, na bodi ya gari nayo inaihisi. Ukiisogeza karibu, polishi inakauka kabla mashine haijamaliza kazi yake, inabaki vumbi gumu linaloganda, na unapolifuta kwa nguvu unaiwekea rangi mikwaruzo mipya.

Basi ipeleke mbali, mita 2 au zaidi, ikupe mwanga wa jumla wa chumba, kisha tafuta LED ya mkononi kwa kazi ya karibu. Balbu za akiba nunua mapema. Umoja wa Ulaya uliziondoa sokoni balbu nyingi za halojeni za umeme wa nyumbani mwaka 2018, na zile ndefu zenye nguvu za taa kama yako zikafuata mwaka 2021, kwa hiyo viwanda vinavyozitengeneza havitaongezeka.

Swali: Nilipiga polishi gari jeusi usiku kucha chini ya paneli kubwa ya LED. Nilipomaliza lilikuwa kioo. Asubuhi mwenyewe akalitoa juani, boneti nzima imejaa miviringo. Nimeaibika. Taa yangu ni mbovu?

Pole sana. Taa si mbovu, ila uliipa kazi isiyo yake. Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu watu hubishana LED na halojeni wakati jambo linaloamua ni ukubwa wa kile kinachowaka.

Mkwaruzo kwenye klia, lile tabaka angavu la juu ya rangi, ni mfereji mwembamba sana. Hauonekani mpaka ukuta wake upokee mwanga kutoka upande mmoja na kuurudisha jichoni mwako, huku rangi laini iliyo pembeni ikibaki na giza. Paneli pana humwaga mwanga kutoka kila upande kwa pamoja. Rangi laini nayo inaakisi ile paneli, kila kitu kinakuwa cheupe sawasawa, na mkwaruzo unapotea humo. Jua halifanyi hivyo. Ni kubwa, lakini liko mbali kiasi kwamba machoni petu lina upana wa nusu nyuzi ya pembe tu, ndiyo maana linafichua kila kitu.

Ukitaka kuliiga jua gereji, tafuta taa ambayo sehemu yake inayowaka ni ndogo. Chip, yaani kile kipande cha LED kinachowaka, yenye upana wa sentimita 1 ikiwa umbali wa mita 1 hivi inaonekana karibu na upana wa jua. Paneli ya sentimita 10 ungelazimika kuirudisha nyuma zaidi ya mita 10 ili ifanye kazi ileile, na nani ana chumba hicho?

Sasa tazama ile miviringo yenyewe. Washa tochi ya chip moja, imulike kwenye boneti, kisha isogeze taratibu kulia. Utaona miviringo inahama pamoja na mwanga, kana kwamba imefungwa kwenye tochi. Sababu ni kwamba mikwaruzo ya kuoshea na kufutia imelala kila upande, lakini inayong'aa ni ile tu iliyokaa kwa kuzunguka mahali mwanga unapogonga. Mingine ipo palepale, huioni. Ndiyo maana kukagua na taa iliyosimama sehemu moja ni kujidanganya. Sogeza taa, inamisha taa, nawe mwenyewe badilisha mahali pa kusimama. Alama za mashine ya kuzunguka, zile zinazofanana na manyoya ya mwanga, zina mwelekeo wake, na ukisimama upande usiofaa zinajificha kabisa.

Kuna na jambo la pili. Polishi nyingi zina mafuta yanayojaza mikwaruzo kwa muda. Kabla ya kukagua, futa sehemu hiyo kwa pombe ya isopropili iliyochanganywa na maji, taulo safi la maikrofaiba, halafu zima taa za dari ubaki na tochi peke yake. Kama bado ni safi hapo, juani patakuwa safi.

Paneli yako itunze. Wakati wa kuendesha mashine inakufaa, na kwa kutafuta mabonyeo ni bora kuliko tochi: unaangalia ukingo wa akisi yake kwenye bodi, na palipobonyea ule ukingo unapinda.

Swali: Shikamoo fundi. Nimeona tochi ya LED imeandikwa lumeni 20,000, inatumia betri moja tu nyembamba, na bei ni ya kutupa. Ninunue?

Marahaba, mwanangu. Hapo unataka kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Tupige hesabu. Betri hiyo bila shaka ni ile inayoitwa 18650, maana yake milimita 18 za upana na 65 za urefu. Iliyo bora kabisa hubeba miliampea-saa 3,500 hivi kwa volti 3.6, yaani wati-saa 12.6. Lumeni 20,000, hata tukiwa wakarimu na kusema kila wati moja inatoa lumeni 100, zinataka wati 200. Betri yako ingekwisha kabla ya dakika 4, na kabla ya hapo ingekuwa imepata moto wa kutisha. Kwa hiyo lumeni hizo ziko kwenye boksi tu.

Kwa betri moja ya aina hiyo, ahadi ya kuaminika ni kama lumeni 500 kwa saa mbili na zaidi. Na zinatosha! Tochi huishiki mita 5 kutoka kwenye gari. Ukiisogeza kutoka mita 2 hadi mita 1, mwanga unaofika kwenye rangi unazidi mara nne. Mkono wako ni bora kuliko namba za boksi.

Swali: CRI na kelvini ni nini, na nichague ngapi?

Kelvini inakuambia mwanga ni wa njano au wa samawati. Halojeni iko karibu 3,000, ni ya njano. Mchana mweupe unaanzia 5,000 na kupanda hadi 6,500. CRI ni alama, mwisho 100, inayoonyesha rangi zinaonekana kwa ukweli kiasi gani chini ya taa hiyo. Halojeni inakaribia 100 bila kujitahidi. LED nyeupe kwa kawaida ni chip ya samawati iliyofunikwa unga wa fosfa unaogeuza sehemu ya mwanga kuwa wa njano (chip hiyo ya samawati ndiyo iliyowapa Akasaki, Amano na Nakamura tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 2014), na ubora wa fosfa hiyo ndio unaotofautisha LED ya CRI 70 na ya 95.

Maoni yangu, na najua wauzaji hawatayapenda: kwa kutafuta mikwaruzo tu, CRI inasifiwa kupita kiasi. Mkwaruzo ni umbo, hauna rangi. CRI inakuwa muhimu unapolinganisha mlango uliopakwa rangi upya na ubavu wa gari, au unapotafuta doa kwenye kiti cha ngozi. Hapo chukua 90 kwenda juu. Kama magari yako mengi ni mekundu, uliza pia thamani ya R9, ambayo ni alama ya wekundu uliokolea, kwa sababu CRI ya kawaida ni wastani wa rangi nane zilizopauka na wekundu uliokolea haumo. Kelvini, kama taa ina moja tu, 4,500 hadi 5,000 haitakusumbua.

Swali: Gari jeupe na la rangi ya fedha sioni kitu kabisa, hata na tochi.

Punguza mwanga. Nyeupe inarudisha mwanga mwingi mno na mkwaruzo unamezwa. Shusha tochi nguvu, ilaze karibu sambamba na bodi, na kama ina kitufe cha kubadili rangi jaribu ile ya njano. Mafundi wengi wanaona inawasaidia zaidi kwenye rangi hizi.

Swali: Mimi ni dada ninayefanya kazi hii peke yangu. Je, naweza kutumia joto la halojeni kukausha nta au koti la seramiki haraka?

Dada yangu, hapana. Koti la seramiki (lile tabaka la kinga linalopakwa juu ya rangi) linalohitaji joto lina taa zake za infraredi, zenye kipimo cha umbali na muda. Halojeni ya stendi inachoma sehemu moja na kuiacha nyingine baridi. Ukiweka kiganja kwenye boneti ukashindwa kukiacha hapo, rangi imeshapata moto kupita kiasi.

Na la hatari zaidi: mvuke wa ile pombe ya kufutia, ikiwa haijachanganywa na maji, unaweza kuwaka kuanzia nyuzi 12 za Selsiasi tu. Balbu ya halojeni haifanyi kazi ipasavyo mpaka ukuta wake uvuke nyuzi 250. Vitu hivi viwili usiviweke jirani. Ndani ya gari halojeni isiingie hata kidogo. Dashibodi na vitambaa vinaungua. Na kwa kuwa uko peke yako na maji yako sakafuni, hakikisha taa yoyote ya waya inapita kwenye swichi ya kinga inayokata umeme ukivuja, ya miliampea 30, na taa ya eneo la kuoshea iwe na alama ya IP65, yaani haiingizi vumbi wala maji ya kurushwa.

Swali: Balbu zangu za halojeni haziishi. Nabadilisha kila mara.

Unazishika kwa vidole vitupu? Mafuta na chumvi ya ngozi yakipata joto lile yanaharibu kioo chake cha kwatzi, kinafanya ukungu na kupasuka. Shika kwa kitambaa safi, na ukigusa kwa bahati mbaya futa kwa pombe balbu ikiwa baridi, ikauke kwanza ndipo uwashe. Zile ndefu zikae mlalo. Na usiburute stendi taa ikiwa inawaka, maana uzi wa ndani una joto la nyuzi 2,700 hivi na mtikisiko mdogo tu unaukata.

Swali: LED yangu nikiirekodi kwa simu inatoa michirizi. Ina shida?

Inawaka na kuzima haraka kuliko jicho linavyoweza kufuata. Kifaa chake cha kudhibiti umeme ni cha bei nafuu. Kwa kazi fupi vumilia, lakini ukiumwa kichwa au ukiona pedi ya mashine kana kwamba inazunguka polepole, ibadilishe.

Swali: LED yangu ikiwashwa ni kali, baada ya dakika kumi inafifia. Nimepunjwa?

Huenda ni kinga tu. Watu wanadhani LED haina joto. Inalo, ila linatokea mgongoni badala ya mbele. Likizidi, taa nyingi zinajipunguza zenyewe. Igeuze utazame mapezi ya chuma ya nyuma: kwa kazi zetu kwa kawaida yamejaa vumbi la polishi. Yapige kwa hewa, yasugue kwa brashi kavu, uijaribu tena. Ikififia vilevile na ni ya betri, ichomeke kwenye chaji na uiwashe ikiwa humo, kama inaruhusu. Ikikaa kali, betri ndiyo imechoka. Isipokaa, irudishe dukani kabla waranti haijaisha.