Makofi tu hayatoshi

Swali: Shangazi, kikundi chetu cha maigizo kina vijana wanaotumia viti vya magurudumu. Watu hutupigia makofi, kesho yake wanatupita kama hawatujui. Tunakosea wapi?

Jibu: Mwanangu, nani anawatungia hadithi? Niliwahi kuwatungia wengine mchezo, nikawajazia maneno ya kuomba huruma. Binti mmoja akaukunja mswada, akaukalia. Alikuwa na haki. Jaribuni mtindo wa Augusto Boal, mwongozaji wa michezo ya kuigiza kutoka Brazili, wa miaka ya 1970: igizeni mtu ananyimwa kazi, simamisheni mchezo pale panapouma, kisha mtazamaji apande jukwaani aingie nafasi ya huyo aliyenyimwa, ajaribu njia nyingine. Na hilo jukwaa, lina ngazi? Basi wekeni mteremko kwanza.