Stabilaiza ya mtumba ndiyo, shokapu ya mtumba hapana

SWALI: Ninaendesha Toyota Corolla AE110 ya zamani, na kila wiki ninapita mlima Kitonga nikitoka Iringa kwenda Mikumi. Kwenye kona gari linalala sana, hata abiria wa nyuma hushikilia milango. Muuzaji mmoja wa spea za mtumba, Ilala, ananiuzia stabilaiza mbili, ya mbele na ya nyuma, pamoja na shokapu nne, vyote vimefunguliwa kutoka Corolla yenye injini kubwa kuliko yangu. Je, nivifunge vyote? — Msomaji, Iringa.

JIBU: Ndugu msomaji, chukua stabilaiza, shokapu mwachie mwenyewe. Stabilaiza ni fimbo ya chuma cha springi inayounganisha gurudumu la kulia na la kushoto, na gari linapotaka kulala, fimbo hiyo hujisokota ikalizuia. Kama haikupindwa na ajali wala kuliwa na kutu, inaweza kudumu kuliko gari lenyewe. Ilaze juu ya sakafu ya saruji iliyonyooka: ncha zote mbili zikae sawa. Shokapu, kwa upande wake, ina oili, valvu na sili ya raba, navyo huchoka kimyakimya, kwa hiyo ile unayoambiwa "haivuji" huenda imeshakwisha nguvu. Ukiisukuma na kuivuta kwa mkono ikapita mahali fulani bila ukinzani, imekufa.

Nenda Ilala na venia, kile kipimio cha unene, mfukoni. Ugumu wa fimbo hizi hupanda kwa kipeo cha nne cha kipenyo, hivyo ya milimita 22 huishinda ya milimita 20 yenye umbo lilelile kwa takriban asilimia 46, ingawa kwa macho utaziona ndugu.

Bushi (raba za kushikilia fimbo) na linki (vijiti vinavyounganisha ncha zake) za stabilaiza nunua mpya. Bushi za wishboni, mikono ya chuma inayoshikilia gurudumu, pia zikaguliwe kabla hujatoa fedha, kwani kwa gari la umri huo sitashangaa nusu ya tatizo ikiwa hapo. Zikibadilishwa, fundi asikaze boliti zake kabisa gari likiwa limening'inia kwenye jeki. Akaze magurudumu yakiwa yamebeba uzito, la sivyo raba itakaa imesokotwa siku zote na kupasuka mapema. Mafundi wengi hulipuuza hili kwa haraka tu.

Stabilaiza ya nyuma usiifunge peke yake, maana mkia wa gari utakuwa mwepesi kuteleza kwenye lami yenye maji. Tena kagua kama shokapu zako zina mahali pa kufungia linki. Kama hazina, usikubali kuchomelewa kishikio, kwa sababu moto huunguza sili na oili iliyomo ndani. Tafuta shokapu mpya za toleo lenye stabilaiza. Kwenye rafu rodi utahisi gari likitikisika zaidi kulia na kushoto, na hilo ni la kawaida.

Ukishatembea kilomita 100 hivi, kaza tena nati za linki.