Mama anataka kuacha mionzi katikati ya tiba

SWALI: Mama yangu ana umri wa miaka 58 na anatibiwa saratani ya mlango wa kizazi hapa Dar es Salaam. Amepangiwa mionzi ya nje mara 25, Jumatatu hadi Ijumaa, na sasa amefikisha ya 13. Tangu wiki iliyopita anaharisha mara nne au tano kwa siku, amechoka mno, na ngozi ya kinenani na makalioni imekuwa nyeusi na inamwaka moto. Jirani anatushauri tumtengee vyombo na wajukuu wakae mbali naye. Mwenyewe anataka kurudi Lindi akapumzike wiki mbili ndipo aendelee, na kumweleza daktari kijana habari za choo anaona haya. Nifanyeje? — Binti anayeuguza, Temeke

JIBU: Pole sana, binti yetu, na mama umfikishie pole zetu.

Nianze na safari ya Lindi, kwa kuwa ndiyo yenye hatari kuliko yote uliyoandika. Tiba hii, yaani mionzi ya nje pamoja na ile ya ndani inayofuata (hutolewa kwa kifaa kinachoingizwa ukeni), inatakiwa ikamilike ndani ya wiki nane hivi; ikikatizwa, seli za saratani zilizosalia hupata nafasi ya kuongezeka tena, na siku zilizopotea si rahisi kuzifidia. Mapumziko anayoyahitaji mama ayapate hapo hapo Temeke kila anaporudi kutoka hospitali, na kazi za nyumbani zishikwe na wengine.

Kuharisha huko si dalili kwamba tiba imeshindwa. Mionzi inayoelekezwa nyongani huugusa pia utumbo, ambao utando wake wa ndani hujijenga upya kila baada ya siku chache, na ndiyo sababu tatizo hujitokeza wiki ya pili au ya tatu, kisha kwa wagonjwa wengi hupungua wiki chache baada ya kumaliza. Mpe chakula kidogo kidogo mara nyingi: uji mwepesi wa mchele, wali laini, ndizi mbivu, samaki wa kuchemsha, supu ya kuku iliyoenguliwa mafuta. Maharage, matembele, pilipili na vyakula vya kukaanga vingoje kwanza. Kila atokapo chooni anywe maji ya ORS. Dawa ya kuzuia kuharisha aandikiwe na daktari, na mitishamba asipewe kwa siri, maana mingine huzidisha kuharisha au kuumiza figo.

Kuhusu ngozi, niliwahi kumuuguza mama aliyedhani weusi ule ni uchafu, akausugua kwa dodoki hadi ngozi ikachubuka. Mama yako aoge kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato, ajikaushe kwa kugusisha khanga laini bila kusugua, na avae dera au nguo nyingine ya pamba isiyobana. Alama za wino alizochorwa asizifute, kwa sababu ndizo zinazoelekeza mashine. Asipake kitu ambacho wahudumu hawajakiona, hata mafuta ya nazi. Tena msishtuke ngozi ikizidi kidogo katika wiki ya kwanza au ya pili baada ya kumaliza.

Jirani yenu ana nia njema, lakini amekosea. Mashine ikizimwa, hakuna mionzi inayobaki mwilini mwa mama, na saratani haiambukizwi kwa sahani wala kwa kukumbatiana. Waacheni wajukuu wakae naye mkekani, maana kutengwa kunaweza kumvunja moyo kuliko hata kuharisha.

Haya yake naielewa vizuri. Andika kwenye karatasi ameharisha mara ngapi kila siku, na kama kuna damu, kisha umpe muuguzi wa kike kabla mama hajaingia kwenye mashine. Wahudumu wa mionzi husikia habari hizi kila siku na hawazishangai. Waombe pia wampime wingi wa damu, kwani uchovu mwingine hutokana na upungufu wa damu, nao una tiba.

Akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, akitoka damu nyingi, akitapika kila anachokunywa, au akikaa muda mrefu bila kukojoa, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku au Jumapili.