Mnaoanza triaji ya watoto: mtoto mmoja asipate rangi mbili

Wadogo zangu mnaokuja fildi huku Tanga, kabla hamjakaa meza ya triaji, yaani ya kupanga nani atibiwe kwanza (nyekundu ni sasa hivi, njano ni mapema, kijani anasubiri foleni), naomba mnisikilize kidogo. Mwaka wangu wa kwanza kazini alikuja mama katokea Pangani na mtoto wa wiki sita, katulia tu kwenye kanga, hana homa, halii, mimi nikampa kijani wakakae foleni. Mwenzangu alikuwa anapita kufuata oksimita, kile kipimo cha oksijeni ya damu, akamfunua yule mtoto akaniuliza ana umri gani, nikamwambia, akabadilisha njano palepale, na tulipohesabu pumzi zilikuwa 68 kwa dakika. Mimi sikuhesabu, niliangalia sura. Alitibiwa akapona lakini mpaka leo nikiona kanga imetulia lazima nifunue.

Sasa fikirieni, manesi wawili, chumba kimoja, mtoto yuleyule, rangi mbili. Maana yake matibabu yake yanategemea nani yuko zamu, na hilo mimi silikubali kabisa. Mwongozo wa WHO wa triaji na matibabu ya dharura kwa watoto, ETAT, uko wazi, mtoto chini ya miezi miwili ni njano hata akionekana mzima. Pumzi nazo zina namba zake: chini ya miezi miwili 60 na kuendelea ni haraka, miezi miwili mpaka kumi na moja ni 50, mwaka mmoja mpaka mitano ni 40. Na uhesabu dakika nzima mtoto ametulia, sio sekunde 15 halafu unazidisha kwa nne, ukikosea pumzi mbili tu hapo umeshakosea nane!

Tunapotofautiana sana ni kwenye vitu vya kukadiria kwa macho. Weupe wa viganja, mmoja anasema kawaida mwingine anasema damu hamna, kwa hiyo linganisha na kiganja chako na cha mama yake, na sogea dirishani, taa zetu zinadanganya. Kulegea nako hivyohivyo, usiandike "amechoka", muite, akikaa kimya mguse, andika kaitikia nini. Mikono ikiwa ya baridi bonyeza kucha sekunde tatu uachie, damu ikichelewa kurudi zaidi ya sekunde tatu na mapigo ni dhaifu yanaenda mbio, huyo ni nyekundu, usimalizie hata fomu. Halafu mama anayepiga kelele mlangoni atakuvuta, ni haki yake, ila pitisha macho kwanza kwa wale walionyamaza kwenye benchi.

Mkipata nafasi fanyeni hivi, chukueni watoto kumi, kila mmoja awape rangi bila kuona za mwenzake kisha mlinganishe. Ila msifurahie asilimia haraka, kwa sababu wengi wao watakuwa kijani, mnaweza kukubaliana kwa tisa halafu yule mmoja mliyepishana ndiye aliyekuwa anakufa. Ndio maana watafiti wanatumia kipimo cha kapa, kinachoondoa makubaliano ya kubahatisha, 1 ni mmekubaliana kabisa na 0 ni sawa na kubahatisha tu. Nyie hata msipopiga hesabu hiyo, mjadilini huyo mmoja, palepale, kabla hamjakabidhi zamu, na mdogo aanze kusema kabla ya mkubwa maana sista mkuu akishatamka rangi hakuna anayembishia.

Na mje na saa yenye mshale wa sekunde, simu huzima chaji katikati ya kuhesabu.